Kabla Hujaitoa Golf Yako

Voi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupokea pamoja na picha, nami nimezitazama kwa utulivu baada ya kurudi kutoka kanisani. Unaniuliza kama uitoe Golf GTI yako ya mwaka 2014, hachibeki ambayo umekaa nayo miaka yote hii bila malalamiko makubwa, uchukue Lancer Evolution IX ya mwaka 2006, saluni ya gia za mkono, na umwongezee anayeiuza tofauti ya bei. Umeniandikia nguvu za injini, farasi 220 kwa Golf na 280 kwa Lancer, ukaongeza kwamba Golf inavutwa na magurudumu ya mbele peke yake ilhali Lancer inaendeshwa na yote manne. Hayo nimeyaelewa. Lakini katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja upesi upesi, kwamba anayeiuza aliinunua kwa mtu mwingine, na hadi leo logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la mtu huyo wa kwanza. Mimi nitaanza na sentensi hiyo, hata kama si ndiyo uliyotaka tuizungumze.

Kwanza niseme wazi kwamba siichukii Lancer, usije ukadhani mama anakataa kwa sababu ni gari la vijana wenye haraka. Mwaka 1974, Joginder Singh aliposhinda Safari Rally kwa Lancer 1600 GSR, nilikuwa msichana wa sekondari, na Pasaka ile mvua ilinyesha hadi barabara za Taita zikawa matope matupu. Porsche 911 ya Björn Waldegård ilikuja ya pili, nyuma ya kile kigari kidogo chenye buti ambacho watu walikuwa wakikiona mjini bila kukigeukia. Mwaka 1976 akashinda tena kwa Lancer. Katikati, mwaka 1975, Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 ya milango minne, gari lile lile walilokuwa wakiendesha walimu wakuu na madaktari wa wilaya. Marehemu baba yako hakuusahau ushindi huo wa Peugeot hata siku moja, na ndiyo maana alipopata uwezo, mwaka 1985, hakutaka kusikia habari za gari jingine lolote.

Nanyi mlikulia katika 504 hiyo. Dada yako anaikumbuka vizuri zaidi, lakini hata wewe unakumbuka jinsi ilivyopanda kona za Mwatate kwenda Wundanyi kwa bibi yako, imejaa watu na magunia, bila kuwatikisa waliokaa nyuma. Baba yako alikuwa akinieleza sababu yake kila tulipofika juu: kwamba saluni ya 504 ilikuwa na springi za koili kwenye magurudumu yote manne, na kila gurudumu la nyuma lilijitegemea, tofauti na ile 504 ndefu ya kubebea abiria yenye ekseli moja ngumu nyuma. Mimi nilijifunza kwa mikono. Nilijua asubuhi ya baridi choki ivutwe kiasi gani, nilijua pampu ya maji inapiga sauti gani kabla ya kuanza kuvuja, na fundi wetu alizoea kuniuliza mimi kwanza gari linaumwa wapi. Mmenisikia nikisema tangu mkiwa wadogo kwamba gari ni la yule anayelijua. Nilikuwa nikiyasema hayo kabla ya mwaka 1996, na bado nayasema.

Mwaka huo baba yako alipofariki, unajua kilichotokea, ingawa ulikuwa darasa la pili na sina hakika uliona kiasi gani. Baba yako mdogo alikuja baada ya matanga akiwa na logibuku mkononi. Wakati wa kununua, yeye ndiye aliyekuwa Mombasa karibu na muuzaji, karatasi zikaandikwa jina lake ili mambo yaende haraka, na baba yako akasema watabadilisha baadaye, kwa sababu ni ndugu. Hakukuwa na ugomvi. Alitoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akaketi kwenye usukani, akapiga stata mpaka betri ikaanza kuchoka, kwa maana alikuwa amevuta choki yote katika jua la saa saba na kabureta ilikuwa imejaa mafuta. Majirani walikuwa bado uani wanakusanya viti. Akanitazama. Nikaenda, nikamwambia asogee, nikarudisha choki, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikapiga stata mara moja, likawaka. Kisha nikashuka, naye akaondoka nalo.

Dada yako hajakubali mpaka leo kwamba niliwasha. Anasema ningeliacha limshinde mbele ya watu wote, arudi Mombasa kwa basi. Mimi namjibu kwamba gari halikuwa na kosa lolote, na kwamba nisingeweza kusimama pale nisikilize stata ikiteswa namna ile. Mwaka haukuisha kabla hajaiunguza gasketi ya silinda hedi karibu na Mackinnon Road, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kutazama kishale cha joto anapofuata malori polepole mchana. Waliponiletea habari hiyo sikufurahi. Nilifikiri tu kwamba mimi ningekiona kishale kabla hakijafika katikati, na hilo ndilo linaloniuma hata leo nikiandika, kuliko hata kutembea kwa miguu kwenda shuleni miaka iliyofuata.

Kwa hiyo unaponiambia kwamba logibuku iko kwa mtu wa tatu na kwamba “ni rafiki, atasaini tu”, elewa kwamba hapo umemgusa mama yako penye kidonda. Siku hizi uhamisho wa umiliki unafanyika mtandaoni kupitia eCitizen, na aliyeandikwa kwenye gari ndiye anayepaswa kuuridhia. Si kazi ya kumfuata mtu miezi sita. Kama mtu huyo ni rafiki kweli, aukamilishe kabla Golf haijatoka mikononi mwako, na si baada.

Sasa nirudi kwenye magari yenyewe, maana nakujua, utasema mama amehubiri lakini hajajibu. Nilimuuliza fundi wetu, ambaye siku hizi wanawe ndio wanaoshika spana, na tulizungumza muda mrefu. Anasema injini ya Lancer hiyo, 4G63, ni ya ukoo wa kuaminika, bloku yake ni ya chuma cha kutupwa, na Mitsubishi waliitumia tangu Evolution ya kwanza ya mwaka 1992 mpaka hiyo ya tisa, kisha Evolution X ikaja na injini nyingine ya alumini. Sifa hizo ni za kweli. Lakini injini hiyo inatumia mkanda wa taimingi, si cheni kama ya Golf yako, na kuna mkanda mdogo wa pili unaozungusha shafti za kupunguza mtikisiko. Ule mdogo ukikatika unaweza kuingia kwenye mkubwa, na mkubwa ukiruka, vali hukutana na pistoni na injini huharibika. Muulize muuzaji mikanda hiyo ilibadilishwa lini, na usikubali jibu lisilo na risiti. Mwambie fundi aitazame pia pampu ya mfumo wa AYC, ule unaogawa nguvu kati ya gurudumu la nyuma la kulia na la kushoto, kwa sababu imekaa mahali maji na matope yanapoifikia, nayo huoza polepole.

Kuna na suala la petroli. Gari hilo limetoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu ina oktani, yaani kipimo cha petroli kutowaka kabla ya wakati wake, karibu 100, na injini ilipangwa kwa mafuta hayo. Huku kwetu tunatia tunachokipata. Kama mwenyewe amepandisha nguvu ya turbo kupita ile ya kiwandani, kama wengi wanavyofanya, injini itagonga ikipanda mlima ikiwa na joto, wala haitakupa onyo refu. Ndiyo maana nasema ubaya wa gari la namna hii si umri wake. Peugeot yetu ilikuwa imezeeka siku tuliyoinunua. Ubaya ni kwamba hujui limepitia mikono ya nani na wakati huo lilikuwa likifanyishwa nini, na magari ya namna hii watu hawayanunui ili kwenda sokoni. Tena kwa sheria yetu ya kutoingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe, hakuna Evolution IX nyingine itakayoshuka bandarini Mombasa ikiwa haijaguswa. Zilizomo nchini ni zile zile zinazozunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Golf unaijua. Unajua oili ya gia zake za DSG, zinazojibadilisha zenyewe, hubadilishwa kila kilometa 60,000, kwa sababu ulinilalamikia bei yake. Pampu ya maji ilipoanza kuvuja uliiona tone la kwanza sakafuni, ukaniambia kwa fahari, nami nilifurahi kuliko ulivyofikiri. Una fundi mwenye kompyuta ya kulisoma gari hilo, na hapo Grogan unajua ni duka lipi lina vipuri halisi na lipi lina vya kubabaisha. Basi kama gari ni la yule anayelijua, Golf ni lako kabisa, na Lancer bado ni la watu.

Hata hivyo nikiisoma tena sentensi hiyo, naona si haki kuishia hapo. Hakuna aliyelijua gari kabla ya kukaa nalo. Na mimi 504 sikuzaliwa naijua; baba yako alinipa usukani pale Mwatate nikiwa naogopa hata kubadilisha gia kwenye kona, na miaka miwili baadaye nilikuwa naiendesha usiku kutoka Mombasa, nikilijua kila shimo kati ya Mariakani na hapa. Tena nadhani gari la gia za mkono, ambalo halikupewa kompyuta ya kukufikiria kila jambo, humfundisha mtu zaidi kuliko lile linalojibadilishia gia lenyewe huku yeye akishika tu usukani. Una miaka ambayo baba yako alikuwa nayo alipoinunua Peugeot yake. Yeye naye aliambiwa achukue gari dogo jipya lisilo na usumbufu, na shangazi zako walimwambia hivyo mbele yangu, naye akacheka. Sikumkataza. Sikuwahi kutamani ningemkataza.

Unaona basi ninavyosukumwa huku na huku. Neno la kukujibu ninalo, limekaa ulimini tangu Ijumaa, na ingekuwa rahisi sana kuliandika hapa. Siliandiki, kwa sababu ukilisikia kutoka kwangu utalitii au utalipinga, na vyovyote itakavyokuwa, gari litakuwa limechaguliwa na mimi. Ila masharti nakupa, na hayo sitayapunguza. Ukienda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, uisikilize injini ikiwa baridi. Anayeandikwa kwenye logibuku awepo mwenyewe, au uhamisho uwe umekwisha kukamilika. Fundi alinyanyue gari na kutazama chini ya sakafu na milingoti ya mbele, kama liliwahi kugongwa na kunyooshwa. Na kama bei ya tofauti itakulazimu kukopa, subiri. Vipuri vya Lancer hiyo havitakungojea umalize kulipa mkopo.

Kisha lipo jambo ambalo katika ujumbe wako wote sikuliona hata mara moja, nalo ni mkeo. Golf anaiendesha, nimemwona akimpeleka mjukuu wangu shule na kurudi bila wasiwasi. Je, gia za mkono anazijua? Anajua karatasi za gari mnalotumia sasa ziko wapi, na zina jina la nani? Mwambie nimeuliza mimi. Na siku mtakapokwenda kuijaribu Lancer, mpe yeye ufunguo, aiwashe mwenyewe na kuiendesha mpaka achoke, wewe ukae kiti cha kushoto, kabla hujatoa hata shilingi moja.

Nakuombea afya njema, na mjukuu wangu nisalimie.

Mama yako