Redio ya Mama Haijafa, Ruta Ndiyo Iliyobadilika

Jumamosi moja asubuhi mama alinipigia simu kutoka Tanga. Nilipomaliza kumwamkia, hakuuliza habari za wajukuu wala hakunipa habari za mvua.

"Baba, redio imekufa. Vijana wa faiba walikuja jana kufunga kisanduku chao, wakaondoka na sauti."

Kicheko kilinijia nikakimeza, maana naijua nafasi ya ile redio jikoni kwake Ngamiani. Ni Squeezebox Radio ya Logitech, aina iliyoingia sokoni mwaka 2009, na mwaka 2012 kampuni ikaachana na familia yote ya Squeezebox. Kaka yangu aliinunua alipokuwa akiishi Uingereza, akaileta katikati ya nguo kwenye begi. Baadaye mimi nikazikusanya kanda za mama, taarabu za Black Star na Lucky Star pamoja na mawaidha ya Ramadhani, nikazihamishia moja moja kwenye laptopu kuukuu. Laptopu hiyo inalala chini ya meza ya televisheni, imechomekwa waya kwenye ruta, na redio inavuta nyimbo kutoka humo kwa waifai. Mama akianza kukuna nazi hubonyeza kitufe cha kwanza, muziki unaanza. Zaidi ya hapo hataki kujua.

Nikamwambia aizime na kuiwasha. "Nimeshaizima mara nne," akasema. Basi Ijumaa iliyofuata nikapanda basi.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijanywa chai. Niliamini redio ndiyo mgonjwa, nikairudisha kwenye hali iliyotoka nayo kiwandani. Ikafuta vitufe sita vyote ambavyo mama alikuwa amevizoea kwa vidole bila kutazama, na mtandao haikushika. Usinifuate katika hili. Kifaa kilichokuwa kikiimba hadi dakika ile ruta ilipobadilishwa hakina ugonjwa. Anza na ruta. Redio usiiguse.

Kitu kingine nilichopaswa kukijua mapema ni kwamba hapa kuna matatizo mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza, kifaa hakishiki waifai. La pili, kifaa kimeshika waifai vizuri kabisa, ila hakionani na kile kinachokipa muziki. Kwa mama yote mawili ni "redio imekufa". Kwa anayerekebisha, usipoyatenganisha utatibu la pili kwa dawa ya la kwanza, na utazunguka siku nzima kama nilivyozunguka mimi.

Tuanze na la kushika waifai. Redio za umri ule zinatumia kiwango cha waifai kiitwacho 802.11g, kilichotoka mwaka 2003, nacho kinapita kwenye masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta mpya ina masafa mawili, 2.4 na 5, na nyingi siku hizi huyatangaza yote kwa jina moja, kisha zenyewe zinaamua kifaa kipi kikae wapi. Kwa simu ya leo ni raha tupu. Kifaa cha zamani kinaweza kuyumba hapo, kinaingia na kutoka, au kisiingie kabisa.

Halafu kuna ulinzi wa nenosiri. WPA3, kizazi kipya cha ulinzi wa waifai kilichofuata WPA2, ilitangazwa mwaka 2018, miaka sita baada ya redio hii kuachwa. Itaijulia wapi? Ruta ikiwekwa WPA3 tupu, redio haina njia. Ikiwekwa ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, inapaswa kukubali, lakini vifaa vingine vya zamani hujikwaa hata hapo. Kwa mama ndicho kilichotokea. Jina la mtandao nililiona kwenye kioo cha redio, nikaandika nenosiri herufi kwa herufi kwa kuzungusha kile kitufe kikubwa (herufi kubwa, ndogo, namba, uzungushe tena hadi kiganja kiume), ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa. Mara ya tatu nikaanza kuitilia shaka karatasi iliyobandikwa chini ya ruta.

Siku hizi nina kipimo changu. Jina la mtandao likionekana lakini nenosiri sahihi likakataliwa, nashuku aina ya ulinzi. Jina lisipoonekana kabisa ilhali simu inaliona, nashuku masafa, au chaneli, au ruta imefungwa isiongee na viwango vya zamani. Si sheria ya Musa, ila imenipunguzia jasho.

Kuingia ndani ya ruta si kazi ya fundi. Pindua kisanduku usome karatasi iliyoko chini, utakuta anwani kama 192.168.100.1 au 192.168.1.1, jina la mtumiaji na nenosiri. Fungua anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na waifai ile ile, tafuta sehemu iliyoandikwa WLAN au Wireless. Mimi nilizima kile kinachounganisha masafa mawili (kwenye ruta nyingi kinaitwa Smart Connect), yakawa majina mawili. Lile la gigahezi 5 nikaliachia simu na televisheni. Lile la 2.4 nikalipa jina la mtandao wa zamani na nenosiri lile lile la zamani, bila kubadili hata nukta. Ulinzi nikauweka WPA2-PSK (WPA2 ya nenosiri moja la nyumba) wenye AES, yaani njia yake ya kuficha data. Kiwango nikakiweka kile cha mchanganyiko wa b, g na n, yaani viwango vya 802.11 vya zamani na vilivyofuata. Upana wa chaneli megahezi 20, na chaneli nikaichagua mwenyewe kati ya 1, 6 na 11 badala ya kuiachia ruta. Hilo la chaneli lina sababu. Ruta ikijichagulia inaweza kuangukia chaneli ya 12 au 13, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida huishia ya 11. Hakitaiona hata ukikiweka juu ya ruta yenyewe.

Ile mbinu ya jina na nenosiri la zamani ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kila kifaa kilichokuwa kikijua mtandao wa kale, iwe spika, kamera au printa, kinarudi chenyewe bila kuguswa. Redio ya mama nayo ingerudi yenyewe, laiti nisingeifuta. Nikarudia kuzungusha herufi mara ya nne, kwa adabu safari hii, na ikashika.

Kuna watakaokuambia uondoe nenosiri kabisa, au uweke WEP, ulinzi wa kale uliotangulia WPA, ili kifaa cha zamani kipite. Usikubali. WEP inavunjwa kwa dakika chache na mtu mwenye laptopu ya kawaida. WPA2 yenye AES na nenosiri refu inatosha kwa nyumba. Wala usihofu kuwa 802.11g ni ya polepole. Wimbo wa MP3 wa ubora wa juu unahitaji kilobiti 320 kwa sekunde, na hata sauti ya CD isiyobanwa haifiki megabiti moja na nusu. Kiwango hiki cha zamani kwenye karatasi kinabeba 54. Hata ukipata nusu yake kutokana na kuta, muziki hautakwama.

Nikaita, "Mama, tayari!" Akaja na kibao cha mbuzi mkononi, akabonyeza kitufe. Kimya.

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma na kuharibu walichokwisha kukitengeneza. Mimi mwenyewe mkono ulishaenda kwenye ruta. Bahati nikatazama kioo cha redio, alama ya waifai ipo, imejaa. Kumbe ilikuwa ikilalamika kuwa haioni maktaba ya nyimbo. Tumehamia tatizo la pili.

Nyimbo zinatolewa na laptopu, kupitia programu ya bure iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server, ambayo sasa inaitwa Lyrion Music Server. Huduma ya mtandaoni ya redio hizi, mysqueezebox.com, ilifungwa mwaka 2024, kwa hiyo bila seva ya nyumbani, yaani laptopu yenye programu hiyo, redio hii haina pa kuchotea. Na ile laptopu niliipa mimi mwenyewe, miaka ile, anwani isiyobadilika: 192.168.1.50. Ruta mpya inagawa anwani zinazoanza na 192.168.100. Yaani laptopu ilikuwa imechomekwa waya kwenye ruta huku bado inaishi mtaa wa zamani, inangoja wageni kwenye nyumba iliyovunjwa. Redio ikipiga ukelele kuuliza seva iko wapi, ukelele haufiki.

Nikairudisha laptopu kwenye kupokea anwani kutoka kwa ruta. Kisha, ndani ya ruta, kwenye sehemu ya DHCP (ile inayogawa anwani kwa vifaa), nikaagiza laptopu ipewe anwani ile ile kila mara. Njia hii ni bora kuliko kuandika anwani ndani ya kifaa chenyewe, kwa sababu ruta ikibadilishwa tena kesho hakuna kifaa kitakachobaki kimekwama nyuma. Na kwetu umeme ukikatika na kurudi mara mbili kwa siku, usipoagiza hivyo anwani zinaweza kuhama.

Bado kimya. Nilikaa sakafuni nikaitazama ile laptopu kama mtu anayedaiwa. Mama akapita, akasema, "Kunywa chai kwanza, mwanangu." Nikanywa. Nikiwa na kikombe mkononi ndipo nikakumbuka kuwa Windows ikikutana na mtandao isioujua huuchukulia kuwa wa hadharani, kama wa hotelini, na ukuta wake wa moto (firewall, kinga ya kompyuta) unafunga milango ya kuingilia mawasiliano. Kwa ruta mpya, mtandao wa nyumbani ni mgeni kwake. Nikaubadili kuwa mtandao binafsi, nikahakikisha milango ambayo programu ile inaitumia, 9000 na 3483, imeruhusiwa. Sikuwa nimenyanyuka, na jikoni zikaanza kusikika fidla.

Kuna jambo lililokuwa upande wangu ambalo huenda lisiwe upande wako: ruta ya mama iliniruhusu kubadilisha vitu. Baadhi ya visanduku vinavyofungwa na watoa huduma vimefungwa pia mipangilio, na nenosiri la chini ya kisanduku linakufungulia kurasa mbili tatu tu. Kwanza piga simu huduma kwa wateja, uwaombe wakutenganishie masafa na kukuwekea WPA2 kwenye 2.4. Mara nyingi wanaweza kulifanya kutoka ofisini kwao. Wakikuzungusha, itoe ruta yako ya zamani kabatini. Iunganishe na laptopu kwa waya, ingia ndani yake, badili anwani yake iwe ya ukoo wa ruta mpya lakini isiyotumiwa na mwingine (mpya ikiwa 192.168.100.1, hii ipe 192.168.100.2, ukihakikisha mpya haimgawii mtu namba hiyo). Zima DHCP yake, kwa sababu wagawaji wawili nyumba moja ni vurugu. Jina na nenosiri la waifai yake viache vilivyo. Kisha vuta waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba) la ruta mpya hadi tundu la LAN la ile ya zamani. Lile tundu la rangi tofauti, la WAN (la intaneti inayoingia kutoka nje), usilitumie, kwani ukilitumia unajenga nyumba ndani ya nyumba: redio itapata intaneti, lakini simu yako iliyo kwenye ruta mpya haitaiona. Ukimaliza hayo, kifaa chako cha zamani hakitajua kama kuna chochote kilichobadilika.

Na kama kifaa chenyewe kina tundu la waya wa mtandao, kama redio ya mama ilivyo nalo kwa nyuma, unaweza kuachana na waifai yote niliyoieleza na kuchomeka waya. Kwetu haikuwezekana: jikoni kwa mama ni mbali na ruta, na hakubali waya upite mlangoni.

Habari zilivyo na miguu, kabla ya adhuhuri jirani yake akabisha hodi. Mzee mmoja mstaafu, ana kijisanduku cheupe cha waifai cha Apple, AirPort Express, alichounganisha na amplifaya yake ya enzi, hupiga muziki kutoka kwenye iPhone. Naye alikuwa ameletewa faiba wiki ile ile. Kijisanduku kinawaka kijani, simu ina intaneti, lakini simu haikioni. Nikafurahi kimoyomoyo, nikijua ni tatizo la pili na sina haja ya kugusa nenosiri la mtu.

"Mzee wangu, simu yako iko kwenye mtandao gani?"

Akanionyesha. Mjukuu alimwunganisha kwenye waifai ya wageni, kwa sababu nenosiri lake ni fupi. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili walio ndani yake wasivione vifaa vya wenye nyumba, na AirPlay, njia ya Apple ya kurusha muziki kutoka simu hadi spika, inahitaji simu na spika zionane uso kwa uso. Nikamhamishia simu kwenye mtandao mkuu, jina la spika likajitokeza papo hapo. Nikaangalia pia kama ruta yake ina ule mpangilio unaoitwa AP Isolation, ambao hutenga vifaa hata ndani ya mtandao mmoja. Ulikuwa umezimwa. Dakika tatu zote.

Niliporudi nikamkuta mama amesimama mbele ya redio, anabonyeza kitufe cha tatu, kisha cha nne. "Na mawaidha yangu umeyaweka wapi?" Jioni yote ile ilikuwa ya kumrudishia vitufe vyake sita, kimoja kimoja, kwa mpangilio anaoukumbuka yeye.