Kusahihisha Kumbukumbu za Utumishi katika Jeshi la Marekani: Tafuta Ushahidi Kabla ya Kujaza Fomu

Miongoni mwetu tuliozaliwa Afrika Mashariki na kuvaa sare za jeshi la Marekani, wapo walioingia kwa kadi ya kijani kama mimi, na wapo walioingia kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wasio na kadi hiyo lakini wenye lugha au ujuzi uliohitajika, ulioanza mwaka 2008, ambao ulikitaja Kiswahili katika orodha ya lugha zilizohitajika. Tatizo linalotukuta wengi ni majina. Mtu amekuja na majina matatu, lake, la baba na la babu, na karani anayatafutia nafasi katika mfumo unaotaka jina la ukoo litangulie. Anayapanga kadiri anavyoelewa, na mpangilio huo unamfuata askari hadi siku ya kuachishwa kazi. Kumbukumbu zangu zilikuwa na kosa hilo, na pia hazikuonyesha kabisa utumishi wangu nchini Kuwait.

Hati inayobeba uzito kuliko zote ni DD 214, ambayo mwanajeshi hupewa anapomaliza utumishi wa muda wote. Ndiyo inayotazamwa unapoomba mkopo wa nyumba wa wanajeshi wastaafu, ada za masomo au kazi serikalini, na familia yako itaihitaji ikitaka uzikwe kwa heshima za kijeshi. Kisanduku cha 12 kinaeleza vipindi vya utumishi, cha 13 nishani, cha 24 aina ya kuachishwa (kwa heshima au la), na cha 28 sababu yake. Visome vyote kwenye rasimu kabla hujatia sahihi, hata kama watu wamepanga foleni nyuma yako na karani anatazama saa, kwa maana siku hiyo kosa hufutwa kwa dakika chache, ilhali baada ya hapo kila herufi itadaiwa ushahidi. Usijaribu kamwe kuirekebisha kwa kalamu. Hati iliyochezewa hubatilika.

Wengi wanaponiuliza, tayari wameshapakua fomu DD 149 ya kuomba bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi iingilie kati. Ninawashauri wangoje kidogo, kwa sababu bodi ni hatua ya mwisho, na maombi ya mtu ambaye hajapita ngazi za chini mara nyingi hurudishwa bila kusikilizwa. Aliye bado kazini aanzie kwenye ofisi ya utumishi ya kikosi chake, ambayo katika jeshi la nchi kavu huitwa S-1. Aliyekwisha kuachishwa, na kosa lake ni la uandishi, kama vile tarehe, jina au nishani iliyosahaulika, aiandikie ofisi ya kumbukumbu ya tawi lake la jeshi. Ikikubali, haitoi DD 214 mpya bali DD 215, karatasi ya marekebisho inayoambatana na ile ya kwanza. Jina langu lilirekebishwa kwa njia hiyo, kwa kuwa mkataba wa kujiunga, pasipoti na cheti cha kuzaliwa vilikubaliana. Aliyebadilisha jina baada ya kutoka jeshini, kwa ndoa kwa mfano, asitarajie hivyo, kwa sababu DD 214 huhifadhi hali ilivyokuwa siku ilipoandikwa.

Suala la Kuwait ofisi ililikataa, ikidai kwamba hakukuwa na amri ya safari katika faili langu. Hapo ndipo bodi ilipohitajika. Bodi hizi zilitokana na sheria ya mwaka 1946, wajumbe wake ni raia na si maafisa wa kijeshi, na zina uwezo wa kurekebisha kosa au kuondoa dhuluma. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, jeshi la anga lina yake, na wanamaji wanatumia moja pamoja na Marine Corps. Bodi huanza kwa kudhani kwamba kumbukumbu ziliandikwa sawasawa, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Si chombo cha upelelezi. Haitakutafutia karatasi, na ni nadra sana kukuita ujieleze ana kwa ana.

Kwa hiyo hoja ndefu za uchungu hazisaidii kama karatasi iliyoandikwa wakati tukio linatokea. Kilichonisaidia ni slipu za mshahara, zilizoonyesha kwamba katika miezi hiyo mshahara wangu haukukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, kwa kuwa Kuwait imo katika eneo la vita kwa hesabu za kodi. Mtu hafikirii kwamba slipu ni shahidi, lakini mhasibu hana sababu ya kumpendelea askari, na bodi inalijua hilo. Niliambatisha pia tathmini ya utendaji iliyotaja kambi niliyokuwa, na maelezo ya kiapo ya mwenzangu tuliyekuwa naye. Maelezo ya wenzako yana nguvu pale tu mtu anaposema alichokiona mwenyewe, lini na wapi. Barua ya kukusifu tabia haithibitishi ulikuwa wapi.

Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu ulipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki, nawe ueleze kilichokuchelewesha. Anayelalamikia aina ya kuachishwa peke yake ana njia nyingine, fomu DD 293, ndani ya miaka 15, isipokuwa kama aliachishwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Maombi hayalipiwi, na vyama vya wastaafu kama American Legion na DAV husaidia kuyaandaa bure, hivyo anayekudai fedha kwa kujaza fomu tu mkwepe. Subira inahitajika: sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10. Ukikataliwa, unaweza kuomba shauri lako lifikiriwe upya, lakini lazima ulete ushahidi ambao bodi haikuuona.

Ukikubaliwa, ibane DD 215 pamoja na DD 214 na uzipeleke nakala kila ofisi iliyopokea hati ya zamani. Makarani wa kaunti nyingi husajili hati hizi. Uliza kwanza iwapo zitakuwa wazi kwa umma, kwani DD 214 za zamani zina namba yako kamili ya Hifadhi ya Jamii.