Mwili wa upepo

SWALI: Shangazi, nina miaka 34, naishi Mombasa. Ni mwembamba, ngozi inakauka, tumbo hujaa gesi, na saa tisa usiku niko macho. Mwalimu wangu wa yoga anasema mimi ni vata. Mchana nala kachumbari tupu, jioni nafanya yoga ya kasi. Mbona sipati nafuu?

JIBU: Mwanangu, katika Ayurveda, tiba ya kale ya India, vata ni upepo: ubaridi, ukavu na mwendo. Hutulizwa kwa kinyume chake, nawe unauchochea. Kachumbari iache kwanza. Kula wali mlaini na pojo, wenye samli, bizari na tangawizi, saa ile ile kila siku. Hiyo saa ile ile wengi huipuuza, nami naiona kubwa kuliko chakula chenyewe. Asubuhi pasha mafuta ya ufuta, jisugue kuanzia utosini hadi nyayoni, subiri robo saa, ndipo uoge maji ya moto. Marehemu mama mkwe wangu, mzaliwa wa Gujarat, alinikanda hivyo nilipojifungua. Mpaka leo harufu ya ufuta hunilaza. Yoga ya kasi waachie wenye kapha, aina nyingine ya mwili katika Ayurveda, wazito wa kuamka. Wewe inama mbele taratibu, kisha lala chali dakika 10 ukivuta pumzi ndefu puani. Vidonge vya Ayurveda usinunue ovyo, baadhi vimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Na kama uzito unazidi kupungua, nenda hospitali kwanza wakupime tezi ya shingoni.