Kwa nini aspirini yangu huyeyuka mapema?

SWALI: Katika maabara tulitengeneza aspirini kutokana na asidi ya salisili na anhidridi ya asetiki. Fuwele zangu zilianza kuyeyuka kwenye nyuzi 122 za Selsiasi na kumalizika kwenye 130. Nifanye nini?

JIBU: Aspirini safi huyeyuka karibu na nyuzi 135, tena ndani ya nyuzi moja au mbili tu, kwa hiyo matokeo yako yanaonyesha uchafu, ambao mara nyingi ni asidi ya salisili isiyomenyuka au kiyeyushi kilichobaki kwenye fuwele. Usishangae kwamba asidi hiyo, ingawa yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 159, imeshusha kipimo, kwani hata uchafu unaoyeyuka kwenye joto la juu zaidi huwa na athari hiyo.

Thibitisha kwanza: yeyusha chembe chache katika ethanoli, kisha utie tone la mmumunyo wa kloridi ya feri. Rangi ya zambarau itaonyesha asidi ya salisili.

Kusafisha ndiko kunakohitaji subira. Yeyusha fuwele katika ethanoli ya moto, kidogo iwezekanavyo, ukiipasha ndani ya maji ya moto wala si juu ya mwali, kwa sababu hushika moto upesi. Ongeza maji ya uvuguvugu mpaka ukungu uanze kuonekana, kisha uache chombo kipoe polepole bila kutikiswa, maana fuwele zinazoharakishwa hufungia uchafu ndani yake. Usirefushe muda wa joto, kwani maji ya moto huivunja aspirini yenyewe. Chuja, kausha kabisa, halafu pima upya.