"Abscond" ni kutoroka, kujificha au kukosekana tu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Binamu yangu anafanya kazi hotelini Mombasa, aliumwa akalazwa siku nne, kurudi kazini anapewa barua imeandikwa "you absconded duty". Dikshenari ya kwenye simu inasema ni kujificha. Sasa alijificha wapi na alikuwa wodini ana dripu mkononi?

Jibu: Marahaba. Dikshenari haijakosea, ila imekupa maana ya kizee. Neno limetoka kwenye Kilatini, abscondere, yaani kuweka kitu mbali kisionekane. Wahispania mpaka leo wanasema esconder na Waitaliano nascondere, na kwao ni kuficha tu, hamna ubaya. Waingereza walilichukua miaka ya 1500 na mwanzoni walilitumia hata kwa kuficha kitu, baadaye likamng'ang'ania mtu anayejificha mwenyewe, yule anayeondoka kimyakimya akikwepa deni, kesi au kazi. Hata ile taa ya ukutani wanayoiita sconce ni ndugu yake, asili yake ni taa iliyokingwa mwanga usisambae.

Mimi natafsiri kutoroka. Niliwahi kuandika "ametoweka" kwenye barua ya mwajiri mmoja, mama mtu akanipigia analia anajua mwanae katekwa, kumbe jamaa kaacha kazi kaingia mitini na kishikwambi cha ofisi. Sijarudia tena.

Wafugaji wa nyuki nao wanalo. Unafunua mzinga unakuta masega yapo ila nyuki hamna hata mmoja, labda siafu waliingia au ukame umezidi, kundi zima limehama na malkia wake, hiyo ndo absconding. Likiondoka nusu tu, malkia mzee na kundi lake, na wengine wakabaki, hiyo ni swarming, kitu kingine kabisa. Ila nyuki hawalaumiwi, binadamu ndo anaandikiwa barua. Na dada zetu walioko Saudia wanalijua vizuri zaidi, kule wanaita hurubu, bosi akiripoti tu kwamba umetoroka basi unaweza kukamatwa na kurudishwa kwenu hata kama ulikimbia kipigo.

Sasa binamu yako. Hilo neno lina nia ndani yake, linasema alikusudia kukwepa. Mtu ambaye hayupo tu Kiingereza kinamwita absent. Na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inaongelea kukosekana bila ruhusa au sababu halali, na kulazwa ni sababu, halafu kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amsikilize mtu kabla ya kumfukuza kwa kosa. Kwa hiyo ajibu kwa maandishi, aambatanishe karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, abaki na kopi. Ila tafadhali asianze na "sorry for absconding", nimeziona barua za hivyo nyingi tu, mtu anadhani anaomba radhi kwa kutokuwepo kumbe ameshakiri kutoroka kwa mkono wake mwenyewe.