Maswali ya Wasomaji: Kioo Janja Kinaonyesha Kivuli cha Kijivu, Nifanyeje?

Tangu tuongelee kioo janja, yaani kile kioo cha kujitazamia ambacho ukisimama mbele yake unaona saa, hali ya hewa na ratiba yako ya siku vikielea pembeni ya sura yako kwa sababu nyuma yake kumefichwa skrini na kompyuta ndogo, barua zimekuwa nyingi. Leo nimechukua tano ambazo naona zinagusa wengi.

*Shikamoo fundi. Nina laptopu iliyokufa bodi ila skrini ni nzima kabisa. Naweza kuitumia au lazima ninunue skrini mpya? Hela yangu ni ndogo sana. – Mwanafunzi*

Marahaba mdogo wangu. Itumie hiyohiyo. Fungua laptopu taratibu, toa skrini, igeuze, nyuma utaona stika yenye namba ya paneli (sio namba ya laptopu, hizo ni mbili tofauti na hapa ndo wengi wanapotea), hiyo ndo unampa muuzaji ili akupe bodi ndogo ya kuendeshea skrini yenye tundu la HDMI. Namba ifanane herufi kwa herufi, kwa sababu paneli zingine zinatumia waya wa pini 30, zingine 40, na volti hazilingani, ukichomeka tu kwa kubahatisha unaweza kuiunguza skrini uliyokuwa nayo bure. Na kama laptopu ni ya zamani sana, zile ambazo mwanga wake unatoka kwenye mrija mwembamba badala ya LED, nakuomba uiache kabisa, ule mrija unataka volti mamia kadhaa na kwa mtu anayejifunza ni hatari.

Kwa upande wa kompyuta, Raspberry Pi 3 iliyotumika, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha sana. Mdogo wake, Zero 2 W iliyotoka 2021, nayo inaweza, ila memori yake ni megabaiti 512 tu kwa hiyo usiibebeshe mambo mengi. Ile Zero ya mwanzo sikushauri, utakaa unasubiri mpaka uchoke. Programu ni ya bure, inaitwa MagicMirror², imetokana na kazi ya Michael Teeuw wa Uholanzi aliyejenga kioo chake cha kwanza 2014, na mpaka leo watu kibao wanaiongezea vitu. Fremu chonga mwenyewe kwa mbao ulizonazo, acha matundu chini na juu ili joto lipande litoke. Hela utakayookoa kote huko iweke kwenye kioo chenyewe, hapo usibane, na sababu iko kwenye barua inayofuata.

*Kaka, nimemaliza kioo changu, nimebandika tinti (ile plastiki nyembamba inayorudisha mwanga) kwenye kioo cha kawaida, lakini mchana najiona kwa mbali na usiku naona boksi la kijivu la skrini zima linawaka. Sio vile nilivyoona kwenye picha. Nimekosea wapi?*

Dada yangu, hujaharibu, na pole kwa sababu najua ulivyofurahi ulipokuwa unakiwasha mara ya kwanza. Hiki kioo hakina uchawi, kinafanya kazi kwa sababu mbele kuna mwanga kuliko nyuma. Kinarudisha sehemu kubwa ya mwanga, kinapitisha kidogo, sasa kama nyuma nako kuna mwanga wa kutosha basi unaona vilivyo nyuma badala ya kujiona. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kutengeneza giza. Chukua karatasi nene nyeusi isiyong'aa, funika eneo lote la nyuma ya kioo isipokuwa pale skrini ilipo, halafu ziba kila upenyo kwa tepu nyeusi, hata vile vitaa vidogo vya kwenye bodi vizibe, manake nimeshaona kioo kizuri kabisa kinaharibiwa na kitaa kimoja chekundu. Skrini iguse kioo, isiache nafasi katikati.

Boksi la kijivu ni jambo lingine. Skrini ya LCD ikionyesha nyeusi taa yake ya nyuma bado inawaka, pikseli zinajaribu tu kuuzuia mwanga na huwa unavuja. Punguza mwangaza wa skrini mpaka maandishi yasomeke tu, hakikisha bakgraundi ni nyeusi tupu, maandishi meupe. Ukija kubadilisha skrini tafuta LCD ya aina ya VA, nyeusi yake ni nzito kuliko ya aina zile zingine, TN au IPS. Ila nikuambie ukweli, ukizima taa zote za chumba lile boksi utaliona tu kwenye LCD yoyote, kwa hiyo mi napanga skrini ijizime yenyewe usiku.

Kuhusu tinti, kama ina viputo au mikunjo ibandue uanze upya: osha kioo, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo, laza tinti, kamua maji kwa kadi ngumu ukianzia katikati. Bandika upande wa ndani ili usiikwaruze ukiwa unafuta vumbi. Na usikimbilie akriliki nyembamba (plastiki ngumu inayouzwa badala ya kioo) kwa kioo kirefu, inapinda, sura inatoka imevutwa.

*Kuna alama ya radi inatokea kwenye kona halafu kinajizima na kuwaka chenyewe. Nimeshabadilisha memori kadi mara mbili.*

Acha kununua kadi ndugu yangu, hiyo alama inasema umeme ni mdogo, umeshuka chini ya takriban volti 4.63 wakati kifaa kinataka 5. Chaja ya simu ndo inakuponza mara nyingi, au waya mrefu mwembamba. Pi 3 inataka adapta ya ampea 2.5, Pi 4 inataka 3. Na hizo kadi huenda ziliharibika kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika wakati inaandika faili, faili linaharibika.

*Fundi, niliongeza kalenda, tangu hapo skrini ni nyeusi kabisa, naogopa nimeua kila kitu.*

Hujaua kitu. Fungua faili la mipangilio la MagicMirror², linaitwa config.js, angalia pale ulipoongeza kalenda, bila shaka kuna koma imesahaulika au mabano hayajafungwa. Fungua dirisha la kuandikia amri (terminal), ingia kwenye folda ya programu uandike npm run config:check, itakuambia mstari wenye kosa. Na kila ukitaka kubadilisha kitu, nakili faili zima pembeni kwanza, mi hata leo nafanya hivyo.

*Nimeweka sensa ya kuhisi mtu nyuma ya kioo ili skrini iwake nikikaribia, haihisi kabisa. Nje ya fremu inafanya kazi vizuri.*

Umejijibu nusu tayari. Ile sensa inahisi joto la mwili, na mionzi ya joto haipiti kwenye kioo, macho yako yanaona kupitia kioo lakini kwa sensa ule ni ukuta. Toboa tundu kwenye fremu, chini au pembeni, kile kikombe chake cheupe kitokeze nje. Kama ni sensa ya modeli ya HC-SR501 ina skrubu mbili, moja ya umbali, kama mita 3 mpaka 7, nyingine ya muda, kuanzia sekunde 5 mpaka kama 300. Ukishaiwasha isubiri dakika nzima itulie kabla hujaanza kuipima, manake mwanzoni inawaka ovyo na unaweza kudhani ni mbovu ukaitupa.