Safari yako ya kwanza ya boti ya kulala na kupiga mbizi: mambo ya kuyamaliza ukiwa bado Dar

Wadau wengi mnaniuliza kuhusu zile boti za Maldivi ambazo unalala humohumo wiki nzima unapiga mbizi, mnauliza bei, mnauliza kamera gani, sawa, ila mi naona cha kwanza ni mwili wako na mikono yako. Ukishaondoka Malé, mji mkuu wao, hakuna cha kusema ntapita Kariakoo nikatafute nyingine, na mbizi ni tatu kwa siku, siku nyingine na ya usiku juu, kwahiyo kitu ambacho hapa Mbudya kinakusumbua kidogo kule kitakusumbua kila siku mpaka mwisho.

Na kule raha yote iko kwenye mikondo. Kuna zile njia za maji kati ya matumbawe, wenyewe wanaziita kandu, maji yanaingia na kutoka kwa nguvu na ndo hapo papa wanapokusanyika. Unashuka haraka na kundi lako, mkiachana unapanda peke yako, na anayekutafuta anaangalia kitu kimoja tu, lile boya lako refu la rangi ya chungwa. Sasa watu wengi wanalo, limekunjwa mfukoni tangu walinunue. Jifunze kulirusha kabla hujaondoka aisee, nakusisitizia hili kuliko yote. Unasimama kina cha mita tano, umetulia, unalikunjua mbele yako, unaangalia kamba isiwe imejizungusha kwenye mtungi wala kwenye mpira wa regyuleta, kile unachopumulia, unapuliza hewa kidogo tu, unaachia, na kile kigurudumu cha kamba unakishika kwa namna ambayo kinazunguka chenyewe bila kukuvuta juu. Ukiona kompyuta ya mbizi, ile ya mkononi inayosoma kina, inaonyesha umepanda mita mbili hapo bado, rudia. Fanya Mbudya, fanya Bongoyo, fanya mpaka ufike mahali unalirusha huku unaangalia kitu kingine. Filimbi nayo ifunge kwenye jaketi.

Kozi ya naitroksi, yaani hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni, ifanye hukuhuku kabla, ni fupi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, kule mara nyingi utapewa 32, maana yake naitrojeni inayoingia mwilini inapungua na kwa mbizi za kurudiarudia siku nzima hilo ni jambo kubwa, ila ujue 32 ina mwisho wake, ni kama mita 33 hivi, ukizidi hapo oksijeni yenyewe inageuka hatari. Bahati nzuri Maldivi sheria yao ni mwisho mita 30. Kila mtungi upime oksijeni mwenyewe, usikubali kuambiwa tu.

Tumbo. Msimu mzuri upande wa mashariki wa visiwa vile ni Januari mpaka Aprili, upepo ni kaskazi hiihii yetu, bahari inakuwa imetulia kiasi ila usiku boti ikiwa inahama itacheza tu. Kama boti ya Unguja mwezi wa saba kwenye kusi huwa inakutapisha basi jijue, nenda famasi uulize dawa, na uijaribu nyumbani siku ambayo huendeshi gari maana nyingine zinaleta usingizi mzito, halafu safarini unaanza kuinywa usiku wa kuamkia siku ya kupanda, ukisubiri mpaka kichefuchefu kianze umechelewa.

Hapa naomba mnisome taratibu. Sisi tunaokumbuka meli ya Spice Islander ilivyozama mwaka 2011 hatuhitaji kufundishwa kuuliza maswali kabla ya kupanda chombo. Mwaka 2019 kule California boti ya wapiga mbizi inaitwa Conception iliwaka moto usiku, watu 34 waliokuwa wamelala chini wakafa, na hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku. Novemba 2024 boti nyingine ya mbizi, Sea Story, ikazama Bahari ya Shamu karibu na Marsa Alam, Misri, alfajiri watu wako vyumbani. Kwahiyo muulize wakala wako kabla hujalipa: chumba cha chini kina njia ngapi za kutokea? Nani anakesha? Betri zinachajiwa wapi? Akijibu kwa kuzungukazunguka tafuta mwingine, usione haya. Ukifika, kabla hata hujafungua begi, tembea toka kitandani kwako mpaka nje, kisha rudia taa zikiwa zimezimwa. Laifu jaketi ijue ilipo. Betri za kamera na powabenki usiziache kwenye chaji umelala, chaji mchana ukiwa unaziona.

Mizigo ni rahisi. Maski yako mwenyewe inayokukaa usoni, kompyuta yako, wetisuti ya milimita 3, vingine unaweza kukodi. Begi liwe laini la kukunjika, vyumba ni vidogo. Maski mpya isugue kioo kwa dawa ya meno mara kadhaa ukiwa nyumbani, la sivyo itajaa ukungu.

Kadi ya njano beba, ile fomu yao ya mtandaoni ya IMUGA jaza ndani ya saa 96 kabla ya kusafiri, pombe usibebe. Bima uliza swali moja, je inalipia matibabu ya chemba ya presha ukipata ugonjwa wa naitrojeni, yaani viputo vya naitrojeni vikijitengeneza mwilini? Za kawaida nyingi hazigusi, ndo maana watu wanachukua ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi. Tiketi ya kurudi usiibane, ukishapiga mbizi siku nyingi mfululizo unatakiwa ukae angalau saa 18 bila kupanda ndege, mi naacha 24, iwe unapitia Doha iwe Dubai.

Anayetaka kufanya mazoezi ya boya kabla kaskazi haijaisha aniambie, Jumamosi asubuhi mapema tunatoka Msasani kabla upepo haujaanza.